Somo: Kuitumia "feasible" mahali pake

Kuna maneno ya Kiingereza ambayo mtu akishayajua hataki tena kuyaweka chini. "Feasible" ni mojawapo. Nikisahihisha ripoti na barua za maombi nalikuta kila aya ya tatu, na mara nyingi limekalia kiti cha "possible" kwa sababu tu linasikika la kisomi. Neno lenyewe ni zuri, ila lina masharti yake.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna bahati hapa, maana kauli ya kutendeka inatufundisha nusu ya somo. Soma huzaa someka, pita huzaa pitika, tekeleza huzaa tekelezeka. "Feasible" ni hilo la mwisho: kinachotekelezeka. Kiingereza kililichukua kutoka Kifaransa cha zamani, na mzizi wake ni kitenzi "faire", yaani kufanya. Shika hapo: ndani ya neno hili kuna kufanya. Pasipo na kazi ya kufanywa, halina la kushika.

Hatua ya kwanza: tafuta kazi iliyo ndani ya sentensi

Kabla ya kuliandika, jiulize: hapa kuna jambo ambalo mtu atalitekeleza? Mpango, ratiba, njia, suluhisho, pendekezo, usanifu. Hivi vyote vinalipokea. "A feasible plan", "a feasible solution", "a feasible alternative". Mvua je? "It is feasible that it will rain tomorrow" haikubaliki kwenye maandishi rasmi, kwa sababu mvua hainyeshwi na kamati. Hapo andika "possible" au "likely". Ugomvi huu ni wa zamani: H. W. Fowler, Mwingereza aliyeandika juu ya matumizi ya lugha yake, alikwishawalalamikia mwaka 1926 watu wanaolitumia kwa maana ya "huenda". Zipo kamusi zinazoiorodhesha maana hiyo, nami sibishani nazo. Nasema tu kwamba anayekupa maksi au anayeamua juu ya ombi lako anaweza kuwa mfuasi wa Fowler bila mwenyewe kujua.

Hatua ya pili: usimvike mtu

"We are not feasible to finish by Friday." Hapana. Watu hawatekelezeki, kazi ndiyo hutekelezeka. Mtu anaingia kwa mlango wa "for": "It is not feasible for us to finish by Friday." Ukitaka mtu awe kiima, badilisha neno: "We are not able to finish by Friday." Fupi, na halina kosa.

Hatua ya tatu: usiisahau "it"

Hapa ndipo wengi wetu tunaponaswa, na kosa linatoka nyumbani. Kwa Kiswahili tunasema "Inawezekana kumaliza" na kiima kimo ndani ya neno, kimejificha kwenye ile i- ya mwanzo. Tukihamia Kiingereza tunaandika "Is feasible to finish the work", tukidhani kila kitu kimo. Kiingereza hakina kiambishi cha kukibebea kiima. Lazima "it" isimame peke yake mbele, hata kama haimaanishi kitu chochote: "It is feasible to finish the work in two weeks."

Mfuatano wa kukariri ni huu: it, kisha "is", kisha "feasible", kisha "for" na mtu ukitaka kumtaja, kisha "to" na kitenzi. Usiandike "feasible of doing" wala "feasible in doing". Na usirundike: "The work is feasible to be done" ni kusema "kazi inatekelezeka kutekelezwa". Neno limekwisha kubeba kufanya. "The work is feasible" inatosha.

Kosa la jirani ni "We can feasible finish." Baada ya "can" au "could" unahitaji kielezi, "feasibly": "We could feasibly finish." Ni sahihi, ingawa mimi binafsi naiona nzito kidogo.

Hatua ya nne: liongezee neno la mbele

"The project is feasible" ni sentensi iliyokamilika, lakini msomaji makini atauliza: kwa upande gani? Ndiyo maana waandishi wazoefu hutanguliza kielezi: "technically feasible" kwa upande wa ufundi, "financially feasible" kwa upande wa fedha, "politically feasible" kama wakubwa watalikubali. Mradi unaweza kupita mtihani wa kwanza ukaanguka wa pili. Ile kazi inayoitwa kwa Kiswahili upembuzi yakinifu, na kwa Kiingereza "feasibility study", ipo kwa ajili ya kuujibu upande mmoja baada ya mwingine.

Na usidondoshe "a". Sisi hatuna kitu kama hicho, kwa hiyo mkono hukisahau: "This is feasible plan." Iwe "This is a feasible plan."

Hatua ya tano: litenge na jamaa zake

"Possible" ni pana, inabeba chochote kisichozuiliwa na maumbile. "Feasible" inadai zaidi: muda upo, vifaa vipo, mtu wa kufanya yupo. "Plausible" ni ya maelezo na hoja zinazoingia akilini. Kisingizio huwa "plausible", hakiwi "feasible". "Achievable" na "attainable" hupenda kwenda na malengo, kwa hiyo andika "an achievable goal" na "a feasible plan". "A feasible goal" utaikuta na si kosa la kukunyima usingizi, lakini sikio la mwenye lugha huelekea upande ule mwingine.

Anayesumbua kweli ni "viable". Hili limetoka kwenye neno la Kifaransa la uhai, nalo huuliza kama jambo likishaanza litaishi. Chukua ndege ya Concorde. Kuunda ndege ya abiria inayopita kasi ya sauti kulikuwa "feasible", na ushahidi ni kwamba ilibeba abiria tangu 1976 hadi 2003, London hadi New York kwa takriban saa tatu na nusu. Lakini ilikunywa mafuta mno na mashirika mawili tu ndiyo yaliyodumu nayo. Kama biashara ya kuenea duniani haikuwa "viable". Ukiweza kuitofautisha Concorde kwa maneno hayo mawili, umelielewa somo kuliko wengi wanaoandika ripoti.

Tahajia na matamshi sitavikawiza. Mwisho ni -ible, si -able. Herufi s husomeka kama z, na mkazo uko kwenye silabi ya kwanza, inayovutwa: fii.

Maswali

Swali: Shikamoo mwalimu. Kinyume chake ni "infeasible" au "unfeasible"? Nimeona yote mawili.

Jibu: Marahaba. Yote mawili yamo kwenye kamusi. Wanahisabati wanaotafuta jibu bora chini ya masharti hutumia "infeasible", na eneo la majibu yanayotimiza masharti yote huliita "feasible region". Nje ya hisabati andika "not feasible" uendelee na safari.

Swali: Bosi wangu huandika "as soon as feasible". Nilitaka kumsahihisha iwe "as soon as possible". Nifanye hivyo?

Jibu: Muache bosi wako. "As soon as feasible", "where feasible" na "if feasible" ni Kiingereza halali, hasa kwenye mikataba na miongozo. Tena zina ujanja: "possible" hukubana ufanye upesi kadiri iwezekanavyo, wakati "feasible" inakuachia nafasi ya kusema hali haikuruhusu. Labda bosi anajua anachofanya.

Swali: Je, naweza kusema "very feasible" au "more feasible"? Niliambiwa jambo ama linatekelezeka ama halitekelezeki.

Jibu: Aliyekuambia alikuwa mkali kupita kiasi. "More feasible" na "the most feasible option" ni vya kawaida, kwa sababu njia mbili zinaweza kutekelezeka huku moja ikiwa nyepesi. "Very feasible" inapita pia, ila "perfectly feasible" ina mtiririko mzuri zaidi. Kwa upande wa shaka, tumia "barely feasible" au "hardly feasible".

Swali: Naomba unisahihishie sentensi ya ombi langu la utafiti: "I am feasible to complete this research because is feasible research in six months."

Jibu: Hatua ya pili na ya tatu zimekupita zote mbili, pamoja na ile "a" ya hatua ya nne. Andika: "It is feasible to complete this research in six months, because the data have already been collected." Angalia nilivyoibadilisha sababu. Yako ilikuwa inarudia dai lenyewe, na mimi nimeibuni hiyo ya data ili upate mfano. Iondoe, uweke ya kwako ya kweli: una nini mkononi kinachofanya miezi sita itoshe?