Choroko Kwenye Chupa ya Chai: Kuonyesha Upumuaji wa Seli Bila Maabara

Mwalimu mwenzangu, kama shule yako haina maabara, usiishie kuandika mlinganyo ubaoni. Glukosi na oksijeni huku. Hewa ya ukaa, maji na nishati kule. Wanafunzi watakariri, watapata maksi zao, na bado wataamini kupumua ni kazi ya mapafu tu. Mimi huwapa choroko. Choroko haina mapafu.

Tafuta chupa mbili za chai zinazotunza joto sawasawa, vipimajoto viwili, pamba, na choroko za msimu huu. Zilizokaa ghalani mno huota kwa kusuasua. Loweka usiku kucha, chuja, funika kwa kitambaa kibichi mpaka vimizizi vyeupe vichungulie. Hapo zigawe mafungu mawili. Moja lichemshe dakika 10, liache lipoe kabisa. Yote mawili yaoshe kwa maji yenye Jik kidogo ili kuua vijidudu, kisha suuza. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayobeba jaribio zima.

Jaza kila chupa robo tatu, chomeka kipimajoto katikati ya choroko, ziba mdomo kwa pamba. Kifuniko weka pembeni. Ukikifunga, oksijeni itakwisha, mbegu zitaanza kuchachua glukosi na kuambulia ATP (molekuli inayobeba nishati ndani ya seli) 2 tu kwa kila molekuli ya glukosi, badala ya 30 hivi, na siku ukifungua utakutana na harufu ya pombe.

Someni joto asubuhi na jioni kwa siku 3. Chupa yenye choroko hai itapanda nyuzi kadhaa. Ile nyingine itabaki karibu na joto la chumba. Sasa ndipo ueleze. Wanga uliomo kwenye mbegu umevunjwa kuwa sukari, glukosi ikaanza kuvunjwa kwenye saitoplazimu, ule uteute wa ndani ya seli, kazi ikamaliziwa ndani ya mitokondria, vijiumbo vya seli vinavyozalisha nishati, kwa msaada wa oksijeni. Sehemu ya nishati imeingia kwenye ATP, ndiyo inayosukuma kale kamzizi. Zaidi ya nusu imepotea kama joto, na hilo ndilo kipimajoto kinalosoma.

Ukitaka kuonyesha hewa ya ukaa pia, koroga chokaa ya kupaka ukuta kwenye maji, acha ituame hadi kesho, mimina taratibu yale maji maangavu ya juu. Yasiingie machoni, yanachoma. Yajaribu kwanza kwa kupuliza kwa mrija (apulize mwalimu, na asivute!). Yasipogeuka meupe, umeuziwa unga wa mawe. Tafuta chokaa nyingine. Kisha weka kikombe cha maji hayo ndani ya mtungi wa kioo wenye choroko zinazoota, funga, na kesho yake utaona utando mweupe.

Siku ya tatu au ya nne, choroko zilizochemshwa nazo zinaweza kuanza kupata joto na kunuka. Darasa litasema jaribio limeharibika. Wapi! Bakteria na ukungu walioponea kwenye Jik wamezaliana, na seli zao zinapumua kama za choroko. Kipimo hicho nacho kiandikwe daftarini. Mkimaliza, mwageni choroko zote shimoni, hata zile hai. Zimepita kwenye dawa, si za kupikwa.