Kutumiana ujumbe wenye aina kati ya huduma mbili: Protobuf na NATS

Tuchukue mfano wa tiketi za boti. Huduma moja inakata tiketi Malindi, Unguja. Nyingine iko getini Mkoani, Pemba, inakagua abiria wa boti ya kurudi. Kwa JSON tupu (data kama maandishi, bila aina zilizokubaliwa) zitaelewana mpaka siku huku wanaandika `nauli` na kule wanasubiri `bei`. Hakuna atakayegundua hadi foleni ifike nje ya geti. Protobuf inaandika umbo la ujumbe na aina ya kila sehemu kwenye faili, yaani skima; NATS ni seva inayoupeleka ujumbe kutoka huduma moja hadi nyingine.

Hatua ya 1: zana

Weka Go, `buf` na `protoc-gen-go` (zinazogeuza skima kuwa msimbo wa Go), na NATS. Washa seva:

`nats-server -js -sd /var/lib/nats`

Inasikiliza poti 4222. Kafka, mfumo mzito zaidi wa kupeleka ujumbe, waachie wenye timu ya kuilea; kwa mzigo huu ni kuchinja ng'ombe kwa kitoweo cha mtu mmoja.

Hatua ya 2: skima

Faili ni `tiketi/v1/tiketi.proto`. Liweke kwenye hazina moja ya Git inayotumiwa na pande zote mbili, lisinakiliwe huku na kule.

```
syntax = "proto3";
package tiketi.v1;
option go_package = "mfano/tiketi/v1;tiketiv1";
import "google/protobuf/timestamp.proto";

message TiketiImekatwa {
  string tiketi_id = 1;
  string kutoka = 2;
  string kwenda = 3;
  int64 nauli_shilingi = 4;
  google.protobuf.Timestamp kuondoka = 5;
  Daraja daraja = 6;
}

enum Daraja {
  DARAJA_HAIJULIKANI = 0;
  DARAJA_KAWAIDA = 1;
  DARAJA_VIP = 2;
}
```

Kisha `buf generate`. Nauli iwe shilingi kamili. Desimali zinazoelea hazifai kwa fedha. Muda usiutume kama maandishi. Karani akiandika 1:00 anakusudia saa moja asubuhi, yaani 07:00 kwa saa za hapa na 04:00 UTC. Ugeuze kwenye fomu, na ndani yote ipite `Timestamp`.

Hatua ya 3: funika baiti

Andika funksheni mbili tu, `Tuma` na `Pokea`, zinazopokea aina yoyote ya `proto.Message`. Mtu mwingine asiguse baiti ghafi. Baiti za Protobuf hazibebi jina la aina yake: ukifungua `TiketiImekatwa` kwa umbo la ujumbe mwingine wenye maandishi kwenye namba 1, mara nyingi hupati kosa lolote, unapata takataka zilizopangika vizuri. Kwa hiyo mada ya NATS (jina ambalo ujumbe unatumwa kwalo) isiandikwe kwa mkono. Itolewe kwenye ujumbe wenyewe, kwa `ProtoReflect().Descriptor().FullName()`. Itatoka `tiketi.v1.TiketiImekatwa`, na mkondo wako (hifadhi ya ujumbe ndani ya NATS, tazama hatua ya 5) utaidaka kwa `tiketi.>`.

Hatua ya 4: kubadilisha skima bila kuvunja geti

Hapa ndipo saa zinapoteketea. Kompaila inalinda upande mmoja, siku unapojenga. Lakini Malindi na Mkoani hazipandishwi toleo dakika moja, kwa hiyo kwa muda fulani toleo jipya litazungumza na la zamani. Kwenye waya jina la sehemu halipo, ipo namba tu.

Tuseme umegeuza `nauli_shilingi` kutoka `int64` kuwa `string`, namba ikabaki 4. Geti la zamani litaona umbo la waya halilingani, litaiweka kando kama sehemu lisiyoijua, na nauli itasomeka 0. Hakuna kosa kwenye kumbukumbu za matukio (log), hakuna programu iliyoanguka. Kutoka `int64` kwenda `int32` ndiyo hatari zaidi, maana umbo linalingana, ila namba kubwa hukatwa kimya kimya.

Kosa jingine ni kufuta `kwenda` na kuipa namba 3 sehemu mpya, `simu`. Geti la zamani litaonesha namba ya simu mahali pa bandari ya kushukia. Ukifuta sehemu, funga namba na jina lake:

```
reserved 3;
reserved "kwenda";
```

Kuongeza sehemu kwa namba mpya ni salama. Namba 1 hadi 15 zinachukua baiti moja ya utambulisho, basi zibakishe kwa zinazotumika kila mara. Sifuri nayo ina mtego: `int32 watoto` ikisomeka 0, huwezi kujua kama hakuna watoto au karani hakujaza. Andika `optional`, kwenye Go itakuwa pointa, na `nil` maana yake haikujazwa.

Ukiongeza daraja jipya, pandisha toleo la upande unaopokea kwanza. Msimbo wa zamani wa Go utapokea 3 bila kulalamika, na `switch` isiyo na `default` itaipitisha.

Usitegemee macho ya mkaguzi. Weka hii kwenye CI (ukaguzi unaojiendesha kila msimbo unapobadilishwa), ikifeli mabadiliko yasiunganishwe:

`buf breaking --against '.git#branch=main'`

`buf lint` italalamikia `_HAIJULIKANI`, kwa kuwa inataka kiambishi chake, `_UNSPECIFIED`. Weka `enum_zero_value_suffix: _HAIJULIKANI` kwenye usanidi, uendelee na Kiswahili chako.

Hatua ya 5: mtandao ukikatika

NATS ya kawaida haimhifadhii asiyekuwepo, tumia JetStream, sehemu ya NATS inayohifadhi ujumbe (ndiyo iliyowashwa na `-js`). Ujumbe usiothibitishwa ndani ya sekunde 30 unarudishwa, kwa hiyo tarajia marudio. Weka `tiketi_id` kwenye kichwa `Nats-Msg-Id`, lakini dirisha la kuchuja marudio ya mtumaji ni dakika 2 usipolibadilisha, na mtandao ukikatika mara nyingi huchukua zaidi. Kinga ya kweli ni `UNIQUE` ya `tiketi_id` kwenye hifadhidata ya geti, inayokataa tiketi ileile mara ya pili.

Ujumbe usiofunguka usiujibu `Nak` (yaani, nirudishie tena). Usipoweka `MaxDeliver` (mara za juu za kuletwa) utarudi bila kikomo. Ujibu `Term` (usiulete tena), na uhifadhi baiti zake pembeni uzichunguze.