Kabla ya Kuingia Darasani na Thamani ya P: Maandalizi ya Kufundisha Ulinganisho wa Makundi Mawili

Mara ya kwanza nilipofundisha mada hii nilianza na fomula ya t, ile ya kulinganisha wastani wa makundi mawili. Wanafunzi waliishika upesi, wakakokotoa bila kosa hadi nafasi ya tatu ya desimali. Kwenye mtihani nikawataka waeleze kwa maneno yao maana ya p = 0.03 katika jaribio la dawa. Zaidi ya nusu waliandika kwamba ni uwezekano wa nadharia tete sifuri (dhana kwamba hakuna tofauti kati ya makundi) kuwa kweli. Wengine waliandika kwamba dawa imefanya kazi kwa asilimia 97. Hesabu zilikuwa safi, ila hakuna aliyejua amehesabu nini. Kosa lilikuwa la maandalizi yangu. Niliwapa chombo cha kupimia bahati kabla hawajaiona bahati yenyewe ikifanya kazi. Tangu hapo nimejifunza kuandaa mambo kadhaa kabla ya kipindi cha kwanza, na ndiyo ninayomwandikia mwalimu mwenzangu hapa.

Anza na nafsi yako. Jaribu kuieleza thamani ya p kwa sentensi moja, kwa sauti, bila kitabu. Ukikwama, wanafunzi watakwama zaidi. Mimi husema hivi: "Tuseme kwa kweli hakuna tofauti yoyote kati ya makundi haya. Je, bahati peke yake ingetuletea tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi mara ngapi katika mara 100?" Maneno "tuseme kwa kweli hakuna tofauti" ndiyo nadharia tete sifuri. Yakiondolewa, sentensi nzima inaanguka, na hapo ndipo wanafunzi wangu walipoangukia. Iandike sentensi yako kwenye karatasi, uibandike ubaoni, na usiibadilishe muda wote wa mada. Kila mwanafunzi aweze kuisema akiwa amelala.

Neno "umuhimu" nalo lina mtego wake. Katika mazungumzo ya kila siku, jambo muhimu ni jambo kubwa, jambo lenye uzito. Katika takwimu, matokeo yenye umuhimu wa kitakwimu ni yale ambayo bahati tupu ingeyaleta kwa nadra, basi. Yanaweza kuwa madogo kiasi cha kutomsaidia mtu yeyote. Liseme hili siku ya kwanza, kwa sababu lugha yenyewe inawavuta wanafunzi upande mwingine.

Pima pia wanachokijua tayari. Wastani na mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika) lazima wawe navyo mkononi. Muhimu zaidi ni kuona kama wanaelewa kwamba sampuli mbili kutoka chungu kimoja hazifanani. Kuna jaribio jepesi. Nusu ya darasa warushe sarafu mara 20 na kuandika matokeo, nusu nyingine wayabuni matokeo kichwani bila kurusha. Kisha tazama orodha. Katika sarafu halisi, upande mmoja hujitokeza mara nne au zaidi mfululizo karibu mara 77 katika majaribio 100 ya namna hiyo. Wabunifu huogopa mfululizo wa aina hiyo, kila mara wanabadili upande. Mwanafunzi akishaona kwamba bahati ina mafundo kuliko alivyodhani, yuko tayari kwa yanayofuata. Asipoona, rudi nyuma siku moja. Hutajuta.

Jambo linalostahili muda mwingi kuliko fomula yoyote ni tofauti kati ya kuchagua kwa nasibu na kugawa kwa nasibu. Kuchagua watu kwa nasibu kutoka kundi kubwa kunaturuhusu kusema juu ya kundi hilo kubwa. Kuwagawa watu katika makundi mawili kwa nasibu kunaturuhusu kusema juu ya chanzo, kwamba kitu fulani ndicho kilicholeta tofauti. Wanafunzi huyachanganya haya hadi mwisho wa mwaka kama hayakutenganishwa mapema. Andaa mfano mmoja wenye nguvu. Wangu ni jaribio la chanjo ya polio ya Salk lililofanyika Marekani mwaka 1954. Katika sehemu iliyogawa watoto kwa nasibu, takriban watoto 200,000 walipata chanjo na wengine 200,000 hivi walipata sindano bandia. Kati ya waliochanjwa, waliougua walikuwa 28 kwa kila 100,000. Kati ya waliopata sindano bandia walikuwa 71. Kulikuwa pia na watoto ambao wazazi wao walikataa. Hao hawakuchanjwa kabisa, na waliougua walikuwa 46 kwa kila 100,000.

Waache darasa na namba hizo tatu kwa dakika kadhaa, usiseme kitu. Mtu atauliza tu: mbona waliokataa chanjo waliugua kidogo kuliko waliopata sindano bandia? Jibu ni kwamba wazazi waliokubali walielekea kuwa na kipato kikubwa zaidi, na polio iliwapata zaidi watoto wa mazingira safi, ambao hawakukutana na virusi wakiwa wachanga sana, wakati bado wana kinga ya mama. Kwa hiyo waliokubali na waliokataa walikuwa watu tofauti tangu mwanzo. Ungelinganisha 28 na 46 ungeidhulumu chanjo. Kulinganisha 28 na 71 ndiyo haki, kwa sababu hapo kura ndiyo iliyoamua nani aingie wapi. Sijaona mfano unaofundisha hili vizuri zaidi.

Sasa kadi. Hapa ndipo maandalizi ya mikono yanapohitajika, na ukija bila kujipanga kipindi kitaisha mkihesabu karatasi. Chukua data ndogo. Tuseme watu wanane waligawanywa kwa kura, wanne wakariri orodha ya maneno katika ukimya, wanne katika kelele. Wa ukimya walikumbuka maneno 7, 8, 9 na 10. Wa kelele walikumbuka 4, 5, 6 na 8. Wastani ni 8.5 na 5.75, tofauti ni 2.75. Kila jozi ya wanafunzi ipewe kadi nane zenye namba hizo. Wachanganye kadi zikiwa zimefunikwa, wagawe nne kulia (ukimya) na nne kushoto (kelele), watoe wastani wa kushoto kwenye wastani wa kulia, kisha waje kuweka nukta ubaoni. Kuchanganya huko ndiyo nadharia tete sifuri ikiwa hai mezani: kama kelele haina athari, kila mtu angepata namba yake ileile popote alipopangwa, na kilichobadilika ni kura tu.

Mstari wa namba uuchore ubaoni kabla hawajaingia, kutoka -3.25 hadi 3.25, kwa hatua ya 0.5. Una nafasi 14, na sifuri haimo. Wanafunzi makini watakuuliza kwa nini hakuna nukta hata moja kwenye sifuri. Kuwa na jibu: jumla ya namba zote nane ni 57, ambayo ni witiri, kwa hiyo haigawanyiki sawa kwa pande mbili. Jozi 20 zikichanganya mara kumi kila moja mtapata nukta 200, na kati ya hizo nane au tisa hivi zitafika 2.75 au kupita. Zikiwa tano au kumi na tatu usishtuke wala usirekebishe chochote.

Jibu kamili nalo liwe mfukoni. Watu wanane hugawika wanne kwa wanne kwa njia 70. Njia tatu tu ndizo zinazotoa tofauti ya 2.75 au zaidi kwa upande wa ukimya, yaani 3/70, karibu 0.043. Ukihesabu na tofauti kubwa ya upande wa pili, kelele ikishinda ukimya, njia zinakuwa sita, na 6/70 ni karibu 0.086. Tazama kilichotokea. Data ni ileile, kadi ni zilezile, lakini jibu moja liko chini ya 0.05 na jingine liko juu yake. Ndiyo maana swali la upande mmoja au pande mbili huamuliwa kabla ya kuona data. Niliwahi kulieleza kwa maneno kwa miaka kadhaa, darasa likaitikia kwa vichwa na kusahau. Siku walipoona nukta zao wenyewe zikivuka mstari kwenda na kurudi, walilielewa. Tumia pia nafasi hiyo kusema kwamba 0.05 ni mpaka wa mazoea. Haujatoka katika maumbile.

Namba 70 ina historia yake, na wanafunzi huipenda. Mwaka 1935 mwanatakwimu Ronald Fisher alieleza jaribio la bibi aliyedai kuwa akionja chai ya maziwa anajua kama kilitangulia chai au maziwa. Vikombe vinane, vinne vya kila aina, vimepangwa kwa nasibu. Kubahatisha vyote sawasawa ni njia 1 katika 70, karibu 0.014. Kisha waulize: akipata vitatu sahihi katika vinne vya kila aina, je? Wengi watasema bado ni fundi. Hesabu inasema njia 17 kati ya 70 zinafika hapo au kupita, karibu 0.24. Mtu asiyejua lolote angefanya vizuri hivyo takriban mara moja katika kila mara nne.

Baada ya kadi, fomula ya t haihitaji hotuba ndefu. Juu ya mstari kuna tofauti ya wastani, chini yake kuna kosa sanifu, yaani kiasi ambacho tofauti hiyo ingeyumba kwa bahati. William Gosset aliitoa mwaka 1908 kwa jina la kificho, Student, akiwa mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, kwa sababu kazi yake ilimpa sampuli ndogo na njia za wakati huo zilitaka kubwa. Pale ambapo mitawanyiko ya makundi haifanani, tumia namna ya Welch. Programu nyingi za takwimu zinayo. Na kabla ya kubonyeza chochote, wachore nukta za makundi yote mawili na kuzitazama. Thamani moja iliyopotea mbali inaweza kubadili jibu zima.

Andaa mfano mmoja wa jozi ukae sambamba na wa makundi huru. Wanafunzi kumi wanaopimwa kabla na baada ya mazoezi si makundi mawili ya watu kumi kumi. Ni watu kumi, kila mmoja na tofauti yake. Alama zikiwa kati ya 20 na 90, na kila mtu akapanda kwa alama mbili, tatu au nne, jaribio la makundi huru halitaona kitu, kwa sababu umbali kati ya mtu na mtu umemeza kila kitu. Chukua tofauti ya kila mmoja, na mabadiliko yanajitokeza wazi. Swali la kuwazoeza ni moja: nikichanganya orodha ya pili, je, nimepoteza habari yoyote?

Kwa uwiano, tumia utafiti wa aspirini kwa madaktari wa Marekani, uliotangazwa miaka ya 1988 na 1989. Katika madaktari 11,037 waliomeza aspirini, 104 walipata shambulio la moyo. Katika 11,034 waliomeza kidonge bandia, waliopata ni 189. Thamani ya z, yaani tofauti ikigawanywa kwa kosa sanifu lake, inakuja karibu 5, bahati haiwezi kusingiziwa hapa. Kisha waulize ukubwa wa tofauti. Ni asilimia 0.94 dhidi ya 1.71, yaani chini ya mtu mmoja katika kila 100. Mwingine atasema hatari imepungua kwa karibu asilimia 45, naye yuko sahihi. Wacha wabishane. Ubishi huo ndio unaotenganisha umuhimu wa kitakwimu na ukubwa wa athari, nao hautoki kwenye p. Hapo ndipo pa kuleta masafa ya kuaminika, yaani mipaka ambamo tofauti ya kweli inakadiriwa kuwemo, kabla hawajachoka.

Kosa la upande wa pili nalo linahitaji mfano wake: sampuli ndogo, p = 0.3, na mwanafunzi anaandika "imethibitishwa kuwa hakuna tofauti." Sampuli ya watu wanane ingeweza kuipita tofauti ya kweli bila kuiona. Wazoeze kuandika "data hii haitoshi kukataa nadharia tete sifuri," na usimpe alama anayeandika "tumeikubali."

Kama muda upo, wape kila jozi seti ya kadi zisizo na tofauti yoyote ya kweli na uwaambie watafute p chini ya 0.05. Majaribio 20 huru ya aina hiyo yana uwezekano wa takriban 0.64 wa kutoa angalau tokeo moja "zuri" kwa bahati tupu, pale ambapo kila jaribio lina nafasi ya 0.05 ya kufanya hivyo. Jozi itakayolipata itashangilia. Usiikatize. Waombe waandike ripoti kama vile majaribio mengine 19 hayakuwahi kufanyika, waisome mbele ya darasa, kisha wageukie ubao wenye matokeo yote 20.