SOMO: Kusugua, kuchubua, kuwasha, kukera, lipi linakaa wapi

Wadau naandika hili mara moja liishe, maana haipiti wiki bila mtu kunitafuta kuuliza "kusugua na kuchubua si kitu kimoja?" au "koo linawasha au linakereketa?" na mimi narudia yaleyale mpaka usiku. Haya maneno ni ndugu ila kila moja lina nyumba yake, someni taratibu.

Hatua ya 1. Kitu kinapita juu ya kitu kwa nguvu, kinarudi tena: kusugua. Sufuria, sakafu, kisigino. Basi.

Hatua ya 2. Angalia kinachosugua. Mkono wenye mafuta juu ya misuli ni kuchua. Maji ya moto na kitambaa, kama anavyofanyiwa mama aliyejifungua, ni kukanda. Kucha zako mwenyewe ni kukuna, na nazi nayo tunaikuna kwenye mbuzi. Kucha za paka ni kuparura. Msumari kwenye bodi ya gari ni kukwaruza.

Hatua ya 3. Hapa tulieni, maana hapa ndo niliumia. Ngozi ya juu ikitoka kwa kusuguliwa, IMECHUBUKA, na jeraha lake ni mchubuko. Kiatu kimekuchubua, mkanda wa begi umekuchubua bega, mapaja yamesuguana mpaka yamechubuka, yote sawa. Usiseme mtu AMEJICHUBUA. Mwaka mmoja nilimwandikia mwalimu wa mwanangu kwamba mtoto amejichubua miguu, naomba wiki hii aje na ndala, viatu vilikuwa vipya. Nikaitwa shule kueleza kwa nini mtoto wa miaka 9 anapakwa mkorogo! Maana huku kwetu Tanzania kujichubua ni kujipaka dawa za kung'arisha ngozi, mtu akisikia hilo neno hafikirii viatu hata kidogo. Nilieleza nusu saa na mtoto kasimama pembeni analia, mpaka leo sipendi kulikumbuka. Kwa hiyo:
- amechubuka = imemtokea
- kiatu kimemchubua = kiatu ndo chenye kosa
- amejichubua = mkorogo
Na kama ngozi haijatoka ila imevimba na kujaa maji, hilo ni lengelenge, sio mchubuko.

Hatua ya 4. Hamna jeraha ila unatamani kujikuna: kuwasha. Upupu unawasha, mguu UNANIWASHA. Ukisema "nawasha mguu" umeutia moto. Kooni, ule mkwaruzo wa moshi au pilipili unaokufanya ukohoe, ni kukereketa.

Hatua ya 5. Ikitoka kwenye ngozi ikaingia moyoni: kukera. Ndugu zake ni kuudhi, kuchukiza, kusumbua, na kuchokoza kama mtu anafanya makusudi. Mimi naona kukera ndo lenye ladha ya msuguano kuliko yote, maana kuudhi kunaweza kuwa mara moja tu ila kinachokera kinarudi kila siku palepale. Ndo maana tunasema kero ya maji, kero za Muungano. Watu wawili wasioelewana wana msuguano, au wamekwaruzana.

MASWALI

Mdau 1: Sijasoma yote, nipe neno moja la yote hayo.
Jibu: Halipo. Soma.

Mdau 2: Mkuu kwani kujichubua kwenye kamusi si ni kujitoa ngozi tu? Unapotosha watu.
Jibu: Kamusi haikuitwa shule, niliitwa mimi. Mzizi ni huohuo sijakataa, nasema watu wanasikia nini.

Mama wa Tanga: Samahani mwanangu, sugu ya kisigino na ugonjwa sugu ni neno moja?
Jibu: Shikamoo mama, swali zuri sana. Ndiyo, ni moja. Ngozi ikisuguliwa miaka na miaka haichubuki tena, inakuwa ngumu, hiyo ndo sugu, angalia kiganja cha mtu wa jembe. Sasa chochote kilichozoea mpaka hakisikii tena tunakiita hivyo: ugonjwa sugu, mdaiwa sugu, vimelea sugu kwa dawa. Ila ile alama ya kipaji cha uso kwa wanaosali sana ina jina lake, sijida.

Mdau 3 (Mombasa): Huku tunasema jambo limenikeketa maini. Ndiyo hiyo kereketa?
Jibu: Hapana ndugu yangu, na asante kwa kuuliza. Keketa ni kukata kwa kitu butu, ndo maana maini yanauma hivyo. Usiseme koo linakeketa, na huku Bara ukisema mtu amekeketwa watu wanaelewa ukeketaji wa wasichana. Ukitaka mtoto halali wa kereketa chukua mkereketwa, yule mtu wa chama ambaye siasa zinamwasha hawezi kukaa kimya.

Mdau 4: Na kupigwa msasa?
Jibu: Ni kusuguliwa mpaka ulainike, kwa hiyo mtu akipelekwa semina anapigwa msasa. Msasa ni mti pia, majani yake yanakwaruza, mafundi walikuwa wanasugulia mbao.

Mama wa Tanga: Nawaongezea, mapaja yakichubuka kwa kutembea juani msipake poda juu ya kidonda. Osha kwa maji, acha pakauke, na kesho yake kabla hujatoka paka mafuta ya nazi.
Jibu: Asante mama, hilo nalihifadhi.