Kusoma sanaa za maonyesho Mlimani

Ukichaguliwa kusoma sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, shangazi atakuuliza, "Kwa hiyo unakwenda kusomea vichekesho?" Mwambie ndiyo, yaishe.

Anza na sauti. Mwaka wa kwanza nilikuwa naamka alfajiri, tunasimama chini ya miti mimi na mwenzangu, hatua thelathini kati yetu. Legeza mabega, vuta pumzi hadi tumboni, sema mstari mmoja. Asiposikia silabi ya mwisho, rudia. Usipige kelele, maliza neno. Wengi wetu tunameza mwisho wa sentensi kama tunaona aibu.

Maleba, yaani mavazi ya jukwaani, usinunue mapya. Mitumba ya soko la Karume inatosha, na khanga utazipata Mtaa wa Uhuru. Ila kabla ya kulipa, inua kitambaa kwenye mwanga na uweke mkono nyuma yake. Ukihesabu vidole, kirudishe. Mimi sikuhesabu, nikatokea jukwaani nimevaa gauni la bibi harusi, taa ya nyuma ikawaka, na watazamaji wakaona mpaka bukta.

Historia? Usikariri miaka tu. Soma tamthilia ya *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, iliyotoka 1969, kwa sauti, mkiwa watatu wanne mmegawana wahusika. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 utavielewa tofauti ukishatamka maneno ya mtu aliyeahidiwa kwamba risasi zitakuwa maji.

Ukipata nauli, panda gari la Bagamoyo ukaone wanafunzi wa TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, wakicheza ngoma. Nenda na daftari, siyo simu.