Namna ya Kuandaa Ziara ya Wananchi katika Jumba la Sanaa Linaloendelea Kujengwa

Wakati bora wa kuwaingiza wananchi katika jumba jipya la sanaa ya kisasa ni ule ambapo paa limeshaezekwa na ngazi zimewekewa vishikio, ilhali kuta hazijapigwa lipu wala dari haijafunikwa. Kabla ya hapo saiti ni ya hatari mno. Baada ya hapo mabomba ya hewa, nyaya na mifereji ya maji, yaani vile vitu vitakavyoamua kama picha zitadumu au zitaoza, vinakuwa vimekwisha kufichwa. Hapa Kampala ni busara pia kukwepa mvua kubwa za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba, kwa sababu udongo wetu mwekundu ukilowa huangusha hata vijana.

Ruhusa iombwe kwa mwenye jumba na kwa mkandarasi pia, tena kwa maandishi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 haimtaki mwajiri awalinde wafanyakazi wake peke yao, bali hata watu wengine wanaoweza kudhuriwa na shughuli zake. Chagua Jumapili, au Jumamosi alasiri kreni ikiwa imesimama, na kundi lisizidi watu kumi na wawili, mwongozaji mmoja akiwa mbele na mwingine nyuma. Kofia ngumu na vizibao vya kung'aa vitolewe langoni. Habari za viatu ziandikwe kwenye tangazo lenyewe, kwa kuwa ni jambo la kusikitisha mama aliyelipa nauli ya teksi kutoka Mukono kurudishwa kwa sababu amevaa ndala.

Ndani ya jumba, sehemu kubwa ya muda itumike kwenye mwanga. Ulaya wasanifu huelekeza madirisha ya vyumba vya picha upande wa kaskazini, ambako jua kali haliingii. Lakini Kampala imekaa karibu kabisa na mstari wa ikweta, na kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Septemba jua la adhuhuri hutupitia upande huohuo wa kaskazini, kisha miezi inayobaki likahamia kusini. Kwa hiyo hatuna upande ulio salama mwaka mzima, na mchoro ulioigwa kutoka nchi za mbali unaweza kuziunguza picha zetu polepole bila mtu kujua. Mpe kila mgeni karatasi nyeupe, asimame mahali picha itakapotundikwa, aishike karatasi ukutani na kuweka kiganja mbele yake. Kivuli chenye kingo kali, vidole vikihesabika, maana yake ni kwamba jua linapiga moja kwa moja. Kivuli hafifu kinachoyeyuka pembeni maana yake ni kwamba mwanga umetulizwa. Nimeona watoto wakilielewa jambo hili kwa dakika moja, na baadaye wakawafundisha wazazi wao.

Beba pia kipande cha lubugo, gome la mti wa mutuba linalopondwa hadi kuwa nguo, ambalo ufundi wake UNESCO iliutambua mwaka 2005 na ambalo wasanii wetu wa leo wanalishona na kulichora. Wageni wakiwa wamekishika, waeleze kwamba vitu vya nyuzi na karatasi hushauriwa kuwekwa katika mwanga wa laksi 50 hivi (laksi ni kipimo cha ukali wa mwanga), wakati jua la nje linaweza kufika laksi 100,000. Kisha waguse ukuta wa zege. Zege hufikia nguvu yake ya kawaida baada ya siku 28, lakini unyevu wake huendelea kutoka kwa miezi mingi, na kutundika lubugo mapema ni kulialika kuvu.

Mwongozaji asizungumze peke yake. Mwache fundi aliyefunga nondo aeleze kazi yake mwenyewe, naye aulizwe kwanza kama yu radhi kupigwa picha. Hapa Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, kinafaa sana, kwa kuwa fundi wa Arua na mgeni wa Masaka wataelewana bila mkalimani. Waongozaji wenyewe wajiandae kwa kulizunguka Jumba la Makumbusho la Uganda pale Kamwokya, kazi ya msanifu Ernst May iliyofunguliwa mwaka 1954, na kuangalia jinsi mwanga na hewa vinavyoingia humo.

Mwisho wa mzunguko, mtu anayetumia kiti cha magurudumu aombwe apande mteremko wa kuingilia, na kila mgeni aandike alipokwama, alipoona giza na aliposhindwa kusikia. Karatasi hizo zimfikie msanifu wiki hiyohiyo, kabla mafundi wa lipu hawajaingia.