SOMO: Kusoma utabiri wa mimweko ya setilaiti bila kurudi ndani mikono mitupu

Wakuu, watu wengi wanafungua apu au tovuti kama Heavens-Above, wanakuta jedwali limejaa namba, wanachukua saa tu wanatoka nje, dakika kumi shingo inauma hakuna kitu, wanarudi ndani wanasema apu inadanganya. Haidanganyi. Utabiri wa mmweko hauandikiwi nchi wala mji, unaandikiwa pale pale uliposimama.

Tuanze na mmweko wenyewe. Setilaiti haiwashi taa ili uione. Wewe huku chini giza limeshaingia, yenyewe kule juu kilomita mia kadhaa bado inapigwa na jua, basi unaiona kama nyota inayotembea taratibu. Ikiwa na bamba laini na bamba likakaa pembe inayokulenga wewe, unapata mwanga wa jua usoni, kama vile mtoto anavyokusumbua na kipande cha kioo mchana. Zilizovuma kwa hili ni Iridium, setilaiti za simu, za kizazi cha kwanza, zilizoanza kurushwa 1997. Kila moja ilikuwa na antena tatu bapa, ukubwa kama wa mlango, zinang'aa kama fedha, na kwa vile setilaiti ilikuwa inashikilia mkao wake bila kuyumba, watu waliweza kupiga hesabu ya mmweko mpaka sekunde. Zilizochukua nafasi yao kati ya 2017 na 2019 hazina mabamba yale, na za zamani nyingi zimeshashushwa zikaungua angani. Kwa hiyo ukikuta posti ya zamani inakwambia usubiri Iridium, pole sana. Ila jedwali lake ndilo darasa zuri kuliko yote, ukilielewa hilo, la kupita kwa ISS (kituo cha anga cha kimataifa) utalisoma umefumba macho.

Chukua mstari huu wa mfano: 19:42:15, magnitudo -6.1, altitudo 48°, azimuthi 212°, umbali hadi katikati ya mmweko km 4 magharibi, magnitudo ya katikati -7.9.

Hatua ya 1, mahali ulipo. Hapa ndipo wengi wanapofeli. Mwanga wa mmweko unatua ardhini kama doa lenye upana wa kilomita kumi hivi, na doa lenyewe linakimbia pamoja na setilaiti, kilomita kadhaa kila sekunde. Ukiwa katikati ya njia yake unaona -7.9, ukiwa kilomita 4 pembeni unaona -6.1, ukiwa kilomita 40 pembeni unaona kanyota ka kawaida kanapita zake. Ndo maana kuna ile safu ya umbali, inakwambia ukisogea km 4 magharibi utaona kikali zaidi. Mimi niliwahi kukaa wiki nzima natumia mahali ambapo apu ilijiwekea yenyewe, katikati ya mji, na mimi niko mbali kabisa, nikawa nalaumu mawingu. Weka viwianishi vyako (latitudo na longitudo), usichague jina la mji tu.

Hatua ya 2, saa. Ni za mtindo wa masaa 24, kwa hiyo 19:42 ni saa moja na dakika arobaini na mbili usiku, sio saa saba. Hakikisha pia apu haiko kwenye UTC (saa za kimataifa), iwe kwenye saa za kwenu. Na sekunde zina maana, mmweko wa Iridium ulikuwa unachukua sekunde 5 hadi 20 basi, ukisema ngoja nivae viatu umeisha.

Hatua ya 3, magnitudo. Namba ikizidi kushuka chini ya sifuri ndio mwanga unazidi, kipimo kimegeuzwa, tumezoea. Sirius, nyota kali kuliko zote za usiku, ni -1.5 hivi, Zuhura inafika -4 na zaidi kidogo, mwezi mpevu kama -12.7. Tofauti ya 5 ni mara 100. Sasa pata picha hiyo -7.9: kanyota hafifu kanatambaa, hukajali, ghafla kanaanza kuvimba, kanaipita Zuhura, unasikia mtu kando yako anasema "hee!", halafu kananywea mpaka hukaoni tena. Mimweko ya -8 watu walikuwa wanaiona hata mchana, ilimradi wajue pa kutazama.

Hatua ya 4, upande na kimo. Azimuthi inahesabiwa kutoka kaskazini kupitia mashariki: 90 mashariki, 180 kusini, 270 magharibi. Basi 212 ni kusini, umeegemea magharibi kidogo. Altitudo ni kimo kutoka upeo wa macho, 90 ni utosini. Nyoosha mkono ukunje ngumi, ngumi moja ni kama nyuzi 10, kwa hiyo 48 ni ngumi tano kasoro kidogo. Dira ya simu usiitumie ukiwa umeegemea gari, chuma kinaichanganya.

MASWALI

Swali: Mkuu nimeiona ISS vizuri tu ikapotea katikati ya anga, hakuna wingu. Imeenda wapi?
Jibu: Imeingia kwenye kivuli cha dunia. Angalia safu ya mwisho wa kupita, ukikuta inaishia nyuzi 35 badala ya 10 ujue ndo hicho.

Swali: Je ISS nayo inamweka?
Jibu: Mara moja moja, ila mabamba yake ya sola yanageuzwa geuzwa kufuata jua kwa hiyo jedwali linakupa muda wa kupita tu. Mmweko ukija ni bahati yako.

Swali: Jana kitu kimewaka mara moja kali sana kikazima, na kwenye apu hakipo kabisa.
Jibu: Yawezekana ni setilaiti iliyokufa au mabaki ya roketi, vinabingirika ovyo na upande unaong'aa ukikugeukia unapigwa mwanga. Hata baadhi ya zile Iridium za zamani bado ziko juu zinafanya hivyo. Ila kama kiliendelea kuwaka na kuzima kwa mpigo ule ule na kina rangi nyekundu, hiyo ni ndege ndugu yangu.

Swali: Jedwali la wiki iliyopita bado linafaa?
Jibu: Pakua jipya siku hiyo hiyo. Hewa nyembamba ya kule juu inaivuta setilaiti, na ISS wanaisukuma mara kwa mara, kwa hiyo saa zinasogea.